Jiki ikikolea mara mbili, jinzi inapauka mara mbili?

"Madam, jiki ikiwa kali mara mbili, na jinzi nayo inapauka mara mbili?"

Aliyeuliza ni kijana wa Kidato cha Tatu anayekaa dawati la pili kutoka mlangoni. Ilikuwa Jumatatu ya mwezi Machi, kipindi cha mwisho, joto la Moshi la mwezi huo mnalijua, na mimi nilikuwa nimeshaandika ubaoni mambo yanayobadilisha kasi ya mmenyuko wa kikemikali: ukolezi, joto, ukubwa wa eneo linaloguswa, kichocheo. Darasa zima linakopi. Yeye kalamu ameiweka chini.

Nikamuuliza jinzi imeingiaje hapo. Akaeleza. Kaka yake anauza mitumba soko la Memorial. Kwenye belo huwa zinatoka jinzi za bluu iliyokoza ambazo wateja wake wanazipita tu, basi jioni anazibeba nyumbani, anaziloweka kwenye beseni la maji na jiki mpaka zipauke, anazisuuza, anazianika, na kesho yake zinaondoka. Wiki ile alikuwa na haraka. Akamimina jiki nyingi zaidi ili amalize kabla giza halijaingia. Rangi ilitoka vizuri, lakini mteja mmoja alirudi siku ya tatu na suruali imechanika pajani. Si kwenye mshono, kwenye kitambaa chenyewe. Anataka hela yake.

"Kaka anasema kosa ni muda, ameiacha sana. Mimi nasema kosa ni ukali. Sasa kati yetu nani?"

Nimefundisha kemia miaka kumi na moja na naweza kuhesabu kwa vidole mara ambazo mwanafunzi ameniuliza swali la namba ambalo halikutoka kwenye mtihani uliopita. Kitabu kinasema ukolezi ukiongezeka, kasi inaongezeka. Basi. Inaongezeka kiasi gani, hapo ndipo kijana alipokuwa amesimama. Nikafuta ubao, nikaandika swali lake kama alivyolitamka, nikawaambia Jumatano tunapima.

Kabla sijaendelea niseme kitu kuhusu hilo neno, ukolezi. Wanafunzi wetu wa sekondari wanafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na neno la Kiingereza wanalikariri vizuri tu, wanaliandika bila kukosea hata herufi. Lakini siku ile nilipolitaja kwa Kiswahili nikaona nyuso zimebadilika. Chai inakolea sukari. Mchuzi unakolea chumvi. Kila mtoto aliyewahi kutumwa jikoni kuonja anajua kwamba kijiko kimoja kwenye kikombe na kijiko kimoja kwenye sufuria si kitu kimoja. Nilikuwa nimetumia vipindi viwili kueleza jambo ambalo lugha yao ilikuwa imeshawafundisha nyumbani.

Jumatano ya kwanza ilikuwa hasara, na hasara yenyewe niliisababisha mimi.

Niliwaambia kila kikundi kije na jinzi chakavu. Zikaja nne: moja ya bluu, moja ya bluu inayovutika kama zile za kubana, moja nyeusi, na moja ya mtoto ambayo ilikuwa imeshafuliwa mpaka magoti yamekuwa meupe. Jiki nilituma inunuliwe dukani, muuzaji akaipima kutoka kwenye dumu lake kwa chupa ya maji ya kunywa, chupa nyeupe isiyo na lebo, iliyokuwa imekaa kwenye rafu inayopigwa na jua la asubuhi. Tulikata, tukaloweka, tukasubiri nusu saa. Ile jinzi nyeusi haikupauka kuelekea kijivu kama walivyotegemea. Iligeuka rangi ya kutu. Ile ya kuvutika ililegea. Na kwenye kikundi cha mwisho, chenye ile ya mtoto, kipande kilicholowekwa kwenye jiki tupu kilitoka na rangi iliyokoza zaidi kuliko kipande cha jirani kilicholowekwa kwenye jiki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu.

Walikuwa wameshachora grafu zao. Msichana mmoja alinionyesha ya kwake, nukta zimetawanyika kama mtama uliomwagwa, akaniuliza, "Madam, aunganishe mtu vipi hapa?" Nikamwambia asiunganishe. Nukta zile zilikuwa zinasema kweli, ila zilikuwa zinajibu maswali manne kwa wakati mmoja.

Tulikaa dakika zilizobaki tukiyatenganisha. Jinzi nyingi nyeusi hutiwa rangi ya salfa, si nili, ile rangi ya bluu ya jinzi, kwa hiyo jiki inakutana na kemikali nyingine kabisa. Zile za kuvutika zina nyuzi za spandeksi (elastane) ndani yake, na klorini inazila. Ndiyo maana vazi la kuogelea likikaa na maji ya bwawa bila kusuuzwa halidumu. Ile ya mtoto ilikuwa imeshapauka magotini kabla hatujaigusa. Jiki nayo haikai. Mwanga na joto vinaivunja, nguvu inapungua siku hadi siku, na kwenye chupa inayoona jua kila asubuhi hakuna ajuaye kimebaki nini. Kwa hiyo swali la kijana wetu lilikuwa halijaguswa.

Jumamosi nikaenda mwenyewe Memorial. Nilitaka suruali moja tu, kubwa, ya bluu iliyokoza, isiyovaliwa sana, na lebo ya ndani iseme pamba asilimia 100. Nilizunguka kama saa nzima. Wauzaji wanakuita "dada, karibu, mali mpya, belo imefunguliwa leo," halafu wanashangaa unapogeuza kila suruali kwanza ndani kusoma lebo kabla hujaangalia kiuno. Niliipata kwa shilingi 6,000, saizi 38. Mguu mmoja ungetosha darasa zima. Nikanunua na chupa tatu za jiki za mililita 750, zilizofungwa, lebo inasema sodiamu haipokloraiti asilimia 3.5, na tarehe inasomeka.

Halafu nikapita duka la vifaa vya ujenzi kuomba kadi ya rangi za kupaka ukuta. Hii ndiyo hatua ninayojivunia. Tatizo la jaribio la kupauka ni kwamba hatuna mashine ya kupima rangi, na jicho la mtu anayetaka jibu fulani litaona jibu hilo. Kadi ya rangi ina bluu kumi na kitu zimepangwa kuanzia iliyokoza hadi inayokaribia nyeupe. Nikachagua kumi, nikazikata, nikazibandika kwenye ubao mweupe, nikazipa namba: 1 ya kiza kabisa, 10 nyeupe yenye kivuli cha bluu.

Sasa usalama, na hapa nitakaa kidogo.

Nilipokuwa chuoni, nikiwa na miaka ishirini na mbili na kemia yote kichwani, nilisafisha choo cha hosteli kwa jiki, nikaona madoa hayatoki, nikaongeza dawa ya choo ya chupa nyingine juu yake. Dawa ile ilikuwa na asidi. Jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumika vitani Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Nilitoka mle natambaa, nikakohoa usiku kucha, kifua kiliniuma siku nne. Nilikuwa nimeandika mlinganyo wa mmenyuko ule kwenye mtihani wiki mbili nyuma. Ndimu na siki ni asidi pia, na najua nyumba ambazo ndimu inakamuliwa kwenye jiki "ili ing'arishe zaidi". Msifanye hivyo. Wala msiichanganye na dawa ya kusafishia yenye amonia, wala na mkojo uliokaa kwenye ndoo ya mtoto. Gesi inayotoka ni nyingine lakini mapafu ni yale yale. Jiki inachanganywa na maji baridi tu.

Kwa hiyo Jumatano ya pili, kabla mwanafunzi yeyote hajaingia maabara, nilihamisha chupa zote za asidi, nikazifungia stoo, na ufunguo nikautia mfukoni. Madirisha yote wazi. Glavu kwa anayemimina, miwani kwa kila mtu, na hakuna kuinama kunusa.

Vikundi vinne, bika tano kila kikundi, yaani vile vikombe vya maabara, kila bika mililita 200. Ya kwanza maji matupu. Ya pili jiki 25 na maji 175. Ya tatu 50 na 150. Ya nne 100 na 100. Ya tano jiki tupu 200. Kila hatua ni maradufu ya iliyotangulia, kwa sababu swali la kijana lilikuwa la mara mbili. Wakati wa kupima, msichana wa kikundi cha tatu akasema mama yake ni muuguzi na kwamba kliniki wao wanachanganya moja kwa sita: kipimo kimoja cha jiki, sita vya maji. Nikawaambia wapige hesabu. Sehemu saba, asilimia 3.5 gawanya kwa saba, nusu asilimia. Bika yetu ya pili, moja kwa saba, ilikuwa chini kidogo tu ya ndoo ya mama yake. Yule binti alikaa wima kipindi chote kilichobaki.

Vipande tulivikata sentimita 15 kwa 5, vyote kutoka mguu mmoja, tukiruka goti na ule mstari wa pasi ambako rangi imeshakwenda. Urefu ufuate nyuzi za bluu, niliwasisitizia, kwa sababu baadaye tungezihitaji.

Wakati bika zinasubiri, niliwaambia kila mmoja achomoe uzi mmoja wa bluu kutoka kwenye ukingo wa kitambaa kilichobaki, aukate katikati kwa wembe, aufumue kwa sindano, aangalie ndani. Mkifanya jambo moja tu kati ya yote niliyoandika hapa, fanyeni hili. Jinzi ina nyuzi za aina mbili: za mtande, zinazokwenda kwa urefu, ndizo zimetiwa nili, za mshindio, zinazopita kwa upana, ni nyeupe tangu kiwandani. Hilo linaonekana kwa kugeuza suruali upande wa ndani. Lakini ukiufumua uzi wenyewe wa bluu unakuta nao ni bluu kwa nje tu. Ndani ni mweupe. Kijana mmoja ambaye kwao ni TPC, kwenye mashamba ya miwa, akasema, "Kama muwa, Madam, ganda lina rangi, utamu mweupe." Sikuwa na mfano bora kuliko huo, na kuanzia hapo kwenye daftari zao kuna "ganda" na kuna "muwa".

Sababu ya ganda hilo ni tabia ya nili yenyewe. Nili haiyeyuki kwenye maji. Ili iingie kwenye pamba lazima kwanza ibadilishwe kikemikali iwe ya kijani-njano inayoyeyuka. Uzi unachovywa, unatolewa hewani, oksijeni inairudisha kuwa bluu pale pale ilipo, juu juu, haijapata nafasi ya kuzama. Uzi unachovywa hivyo mara nyingi, ganda juu ya ganda. Nili hiyo zamani ilitoka kwenye majani ya mmea, kwa wingi India. Mjerumani Adolf von Baeyer alifumbua muundo wa molekuli yake mwaka 1883, kampuni ya BASF ikaanza kuiuza iliyotengenezwa kiwandani mwaka 1897, na Baeyer akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1905, mwaka ule ule vita vya Majimaji vilipoanza huku kwetu chini ya Wajerumani hao hao. Mwaka huo wanafunzi hawausahau, basi nikaufunga hapo.

Na jiki inafanya nini? Haioshi rangi iondoke na maji. Inaivunja. Molekuli ya nili imeshikwa katikati na kiungo kinachoipa ule uwezo wa kuonekana bluu. Haipokloraiti inakioksidisha kiungo hicho, molekuli inakatika vipande viwili vya isatini. Isatini si bluu. Ina unjano.

Dakika thelathini zikaisha. Vipande vikatolewa kwa koleo, vikasuuzwa, vikatiwa kwenye beseni la thayosalfeti, ile chumvi ya jaribio la msalaba unaofifia ambalo kila aliyesoma kemia sekondari hapa Tanzania analikumbuka. Tunayo stoo kwa ajili ya mitihani. Inaua jiki iliyobaki ndani ya uzi. Hatua hii ndiyo watu wengi wanaiacha nyumbani: unasuuza kwa maji mara moja, unaanika, na jiki inaendelea kufanya kazi kwenye kamba mpaka kitambaa kikauke. Viwanda vya jinzi havithubutu kuiruka.

Vikakaushwa kivulini. Kesho yake nikawaita wanafunzi kumi wa Kidato cha Kwanza ambao hawakujua chochote. Vipande vilikuwa na herufi nyuma, vimechanganywa. Kazi yao ilikuwa moja: kiweke kila kipande kando ya ubao wa kadi, taja namba inayofanana nacho. Walifanya kwa makini kuliko nilivyotegemea. Mmoja alitoka na kipande mpaka mlangoni akakiangalie kwa mwanga wa nje. Shida ilikuja kwenye vipande vya jiki tupu, kwa sababu vilikuwa vimeingia unjano na kadi yangu haikuwa na njano. "Madam, hii haipo hapa," walisema karibu wote. Isatini hiyo. Nikawaambia watazame mwanga na giza, waache unjano.

Wastani ulitoka hivi: maji matupu 1, mililita 25 za jiki 3, mililita 50 tano na nusu, mililita 100 nane, jiki tupu tisa.

Tukaichora ubaoni. Mstari unapanda kwa nguvu, halafu unainama. Kutoka 50 hadi 100 tulipata hatua mbili na nusu za kupauka. Kutoka 100 hadi 200, jiki maradufu, gharama maradufu, tukapata hatua moja. Yule msichana wa nukta zilizotawanyika safari hii aliunganisha za kwake kwa mkono, bila rula, na mstari wake ulipinda vizuri kabisa.

Nikamgeukia mwenye swali. Akasema, "Kwa hiyo hapana."

Nikamwambia asubiri, swali lake ni mawili. Kuna kupauka kiasi gani, na kuna kupauka upesi kiasi gani. Tulichopima ni la kwanza. Ganda la nili kwenye uzi lina kiasi chake. Jiki kali inapokuwa imeshalila karibu lote, haijalishi unaongeza nini, hakuna cha kula. Kipande cha bika ya tano kilikuwa kimemaliza kazi mapema na muda uliobaki kilikuwa kinaliwa kitu kingine. Hicho kitu kingine nikakiacha hapo kwanza.

Kwa swali la pili tulibadilisha utaratibu. Badala ya kuweka muda mmoja kwa wote, tuliweka rangi moja kwa wote: namba 5 kwenye ubao. Kipande kinaloweshwa, kinainuliwa kila dakika, kikifika namba 5 saa inasimamishwa. Jiki tupu ilifika kwa dakika 6. Nusu kwa nusu, dakika 11. Mililita 50, dakika 24. Mililita 25 kengele ya kutoka ililia ikiwa bado, dakika ya arobaini imeshapita.

Sita, kumi na moja, ishirini na nne. Hawakuhitaji grafu. Kijana wa TPC ndiye aliyesema kwanza: kila jiki inapopungua nusu, muda unakuwa karibu maradufu. Kwa hiyo ndiyo, kwa kasi jibu ni mara mbili, karibu kabisa, na hilo kwa vipande vya mtumba na jicho la binadamu. Mwenye swali alikuwa sahihi na alikuwa amekosea, kutegemea ni swali lake lipi, na niliona jinsi alivyolifurahia hilo.

Ikabaki ile suruali iliyochanika.

Jioni ile ya Jumatano, vipande vya ziada vya kikundi cha nne nilikuwa nimeviacha makusudi usiku kucha, kimoja kwenye maji, kimoja kwenye jiki tupu, bika zimefunikwa, kwenye meza ya dirishani. Kipande cha jinzi ni kigumu kukichana kwa mikono, hata kilichopauka, na hatuna mashine. Lakini uzi mmoja tunaweza. Tulichomoa nyuzi za mtande, zile za sentimita 15, tukazungusha ncha ya juu mara nne kwenye penseli iliyolazwa kati ya viti viwili, ncha ya chini mara nne kwenye kijiti kilichofungwa shingoni mwa chupa ya lita moja na nusu. Chupa tupu na kijiti chake vilikuwa gramu 40. Halafu mtu mmoja anamimina maji polepole, mililita 50 kwa 50, wengine wamenyamaza. Chini beseni.

Ninyi mlio walimu, fanyeni jaribio hili hata kama hamna kitu kingine. Unaona uzi mmoja, mwembamba kama wa cherehani uliokunjwa mara mbili, umeshika chupa, na maji yanapanda, na uzi unaanza kujizungusha taratibu ukijifumua. Nyuzi ndogo ndogo zinasimama kama vinyweleo. Halafu unakatika, na sauti yake ni ndogo mno ukilinganisha na kishindo cha chupa. Darasa la watu arobaini na wawili lilikuwa kimya kama msikitini.

Uzi uliolowekwa kwenye maji tu ulibeba wastani wa kilo 1 na gramu 150, nyuzi tano. Wa jiki tupu kwa nusu saa, gramu 900. Wa jiki tupu usiku kucha, gramu 300, na mmoja ulikatika chupa ikiwa haijatiwa kitu. Rangi ya vile vipande viwili vya jiki, cha nusu saa na cha usiku kucha, ukiviweka pamoja huvitofautishi kwa urahisi.

Hicho ndicho nilichokuwa nimekiacha. Jiki haichagui. Inakula nili kwanza kwa sababu nili iko juu na inavunjika upesi, lakini pamba nayo ni selulosi, minyororo mirefu ya molekuli, na haipokloraiti inaikata hiyo minyororo pia. Ganda likiisha, inabaki na muwa. Jicho halioni kwa sababu muwa ulikuwa mweupe tangu mwanzo. Kwa hiyo kaka mtu na mdogo wake wote walikuwa na haki: ukali unafupisha muda wa nili, na ukipitisha muda huo ukali ule ule unaingia kwenye kitambaa. Dakika ambazo jiki hafifu inakusamehe, jiki kali haikusamehi.

Binti mmoja akauliza, zile jinzi zinazokuja zimeshapauka kutoka huko kwa wenyewe, nani alizipausha? Swali zuri, na jibu lake linauma. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanyika kwa jiki kama yetu, kwa mawe mepesi ya volkano kwenye mashine kubwa za kufulia, na kwa kupuliza mchanga kwenye mapaja na magoti. Uturuki vijana waliopuliza mchanga huo walipata ugonjwa wa mapafu, silikosisi, wengi wakafa, na serikali yao ikapiga marufuku mwaka 2009. Siku hizi viwanda vingi vinatumia vimeng'enya, ozoni na leza. Niliwaambia pia kwamba kwa jirani zetu Kenya, EPZ ya Athi River, eneo la viwanda vinavyouza nje, jinzi zinashonwa kwenda Marekani, kwa hiyo kazi hizi haziko mbali. Wawili walitaka kujua huko wanaajiri watu waliosoma nini. Nikawaambia kemia, pamoja na mengine.

Nyuzi za kushonea, zile za rangi ya chungwa, nazo ziliwashangaza. Kwenye kipande kimoja kilichobeba mshono kitambaa kilikuwa cheupe kabisa na mshono unang'aa kama siku ya kwanza. Ni polista, jiki inaipita. Waliniomba tukibandike ukutani, kiko pale juu ya sinki.

Jumatatu iliyofuata kijana wangu alikuja na mfuko mweusi. Ndani kuna suruali ile ile iliyorudishwa na mteja. Kaka yake ameituma, anataka tuipime. Tulichomoa nyuzi tano za mtande karibu na pale ilipochanika, na tano kutoka kwenye pindo la mguu ambako kitambaa kimejikunja na jiki haikufika vizuri. Za pajani wastani gramu 350. Za ndani ya pindo, zikiwa bado na bluu yake, gramu 800. Alimimina mwenyewe, nyuzi zote kumi, hakutaka kusaidiwa. Aliandika namba kwenye daftari lake chini ya zile za darasa, akapiga mstari, akaniuliza kama anaweza kuazima silinda ya kupimia mpaka Ijumaa.

Nimempa ile ya plastiki.